Kaunti Kununua Shamba la Mtu kwa Ajili ya Hifadhi: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Ni rahisi kuandika "ununuzi wa ardhi kwa ajili ya hifadhi" kwenye mpango wa maendeleo wa kaunti. Kazi huanza pale afisa mmoja anapopewa faili na kuambiwa: kuna chemchemi ndani ya shamba la mzee fulani, wadi nzima inaitegemea, wanawe wameanza kukata miti, nenda ukanunue. Mwongozo huu ni wa afisa huyo. Ni wa mwakilishi wa wadi pia, maana ndiye atakayezipigia kura fedha hizo, na ni wa mwenye shamba anayetaka kujua atalindwa vipi. Nimeujenga juu ya sheria za Kenya, ambako serikali ya kaunti ina mamlaka ya wazi ya kununua ardhi ya mtu binafsi. Tanzania mambo ni tofauti. Nimeyagusa huko chini.

Niseme mapema ninavyoona mimi. Ununuzi wa aina hii hauharibiki sana kwenye bei. Huharibika kwa sababu hati haikufuatiliwa hadi asili yake, au watu wanaoishi shambani hawakuhesabiwa, au mwaka wa pili umefika na hakuna mlinzi hata mmoja aliyetengewa mshahara.

Hatua ya 1: Jiulize kama kweli unahitaji kununua

Mamlaka ipo. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 6, inairuhusu kaunti kununua au kukodi ardhi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa kazi ya kutekeleza sera za kitaifa za mazingira, zikiwemo hifadhi ya udongo na maji pamoja na misitu. Lakini kuwa na mamlaka ya kununua hakumaanishi kwamba kila penye mti mzuri lazima hati ibadilishwe jina.

Anza na ukingo wa mto. Kanuni za maji na za mazingira tayari zinabana matumizi ya ardhi ya ukingoni, kati ya mita 6 na mita 30 kutegemea upana wa mto. Mwenye shamba anabaki kuwa mwenyewe, ila hana ruhusa ya kulima au kujenga hapo. Kaunti ikilipia ukanda huo bei ya ploti ya kawaida, inanunua kizuizi ambacho sheria ilishakiweka bure. Mthamini aelezwe hilo kwa maandishi kabla hajatoka ofisini.

Njia ya pili ni haki ya hifadhi juu ya ardhi ya mtu. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 inaruhusu mahakama kuweka masharti juu ya shamba, kwa mfano miti ya eneo fulani isikatwe au kinamasi kisikaushwe. Mwenye shamba anaendelea kumiliki na anastahili fidia kwa kile alichozuiwa. Masharti hayo yakisajiliwa, yanamfunga hata atakayenunua baadaye. Naona kaunti zinaisahau njia hii kwa sababu haina sherehe ya kukata utepe.

Njia ya tatu ni kulipa kila mwaka. Kusini mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, upande wa Kitengela, mpango ulioanza mwaka 2000 ulizilipa familia za wafugaji dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasiweke uzio wala kuuza vipande vya ardhi, wanyama wapate kupita. Ubaya wa njia hii unaonekana bila miwani: mfuko ukikauka, makubaliano yanakauka nayo.

Basi nunua lini? Nunua pale ambapo matumizi yoyote yanaua kile unachokilinda, kama jicho lenyewe la chemchemi au kipande cha mwisho cha kinamasi. Nunua pale ambapo mwenyewe ameshaamua kuuza na mnunuzi mwingine anataka kumwaga zege. Nunua pia pale umma unapohitaji kuingia na kutoka kila siku, kwa sababu haki ya kupita katika boma la mtu huleta ugomvi usiokwisha.

Mfano mkubwa wa kuchanganya njia hizi ni jiji la New York, Marekani. Mwaka 1997 jiji lilitia saini makubaliano na miji na vijiji vya milima ya Catskill, yanakotoka maji yake. Likakubali kununua ardhi kwa wanaotaka kuuza tu, bila kumlazimisha mtu, na kuendelea kulipa kodi ya ardhi hiyo kwa serikali za huko. Kwa wengine lilinunua haki ya hifadhi peke yake. Kwa kufanya hivyo, pamoja na kazi nyingine za kulinda vyanzo, likaepuka kujenga mtambo wa kuchuja maji wa mabilioni ya dola. Jiji lilijua linanunua maji, na mashamba yenyewe yalikuwa njia tu ya kuyafikia. Afisa wa kaunti naye aweze kujibu kwa sentensi moja: hapa tunanunua nini?

Hatua ya 2: Pima kipande, usinunue shamba zima kwa mazoea

Tuchukue mfano wa kubuni. Shamba ni la ekari 14. Chemchemi iko kona ya chini, na mtaalamu wa maji anasema ekari 3 zikilindwa vizuri, jicho litapona. Bei ya soko ni shilingi 900,000 kwa ekari. Shamba zima ni shilingi milioni 12.6, ekari 3 ni shilingi milioni 2.7. Ukigawa shamba, utalipia mpimaji, vibali na hati mpya, lakini bado uko mbali sana na milioni 12. Ekari 11 za juu zinaweza kuwekewa sharti la kutopanda mkaratusi na kutochimba kisima kirefu.

Sasa weka walinzi wawili, kila mmoja kwa shilingi 18,000 kwa mwezi. Hiyo ni shilingi 432,000 kwa mwaka, na kwa miaka 10 ni milioni 4.32. Ulinzi umepita bei ya ardhi. Hesabu hii iwekwe mezani siku ya kwanza, mbele ya waziri wa fedha wa kaunti, na izungumzwe kwa sauti.

Ukiwa huko shambani, pima hali ilivyo leo. Huhitaji mashine: mtungi wa lita 20, kipande cha bomba na saa ya simu vinatosha. Mtungi ukijaa kwa sekunde 40, chemchemi inatoa nusu lita kwa sekunde, yaani lita 1,800 kwa saa. Pima mwisho wa kiangazi, mahali palepale, na uandike tarehe. Piga picha ukisimama kwenye jiwe moja usilolisahau. Miaka mitano baadaye, mtu akiuliza fedha zimefanya nini, utakuwa na jibu.

Hatua ya 3: Ingiza kwenye mpango na bajeti

Sheria ya Serikali za Kaunti inakataza fedha za umma kutengwa nje ya mipango. Kwa hiyo mradi uwe ndani ya mpango wa maendeleo wa miaka mitano, kisha ndani ya mpango wa mwaka, unaofika bunge la kaunti kabla ya Septemba 1. Mwelekeo wa matumizi unapelekwa kufikia Februari 28, makadirio kufikia Aprili 30, na mwaka wa fedha unafungwa Juni 30. Kutoa fedha kwenye Mfuko wa Mapato wa Kaunti kunahitaji idhini ya Mdhibiti wa Bajeti.

Tarehe ya kuogopa ni hiyo ya Juni 30. Malipo ya mgao kutoka Nairobi huchelewa, maafisa hukimbizana mwezi Mei, na ukaguzi wa hati uliostahili miezi mitatu unafanywa kwa wiki moja. Ukishindwa, fedha zinarudi mfukoni na unaanza upya. Ukifaulu kwa haraka hiyo, huenda umenunua kesi. Uchunguzi wa hati uanze Julai.

Kwenye bajeti weka mistari minne tofauti: bei ya ardhi, gharama za pembeni (mthamini, mpimaji, wakili, usajili), uzio na kazi za mwanzo, na matunzo ya kila mwaka. Mstari wa nne ndio hukatwa kwanza, na mwakilishi wa wadi akiuruhusu ukatwe, afadhali aukate mradi wote. Fedha za wafadhili, zikiwemo za mabadiliko ya tabianchi, zisome masharti yake neno kwa neno, kwa maana mifuko mingine haigusi ununuzi wa ardhi kabisa.

Kuhusu ununuzi wa umma, sheria ya 2015 ndiyo inayotawala. Kama mashamba mengi yanafaa, tuseme unatafuta mahali pa kitalu cha miche, tangaza watu waombe. Chemchemi haihamishiki, kwa hiyo hapo utahitaji ununuzi wa moja kwa moja, na sheria inataka sababu zake ziandikwe. Ziandikwe kabla hujakaa na muuzaji kuzungumza bei. Sababu zilizoandikwa baada ya bei kukubaliwa mkaguzi huzinusa.

Hatua ya 4: Chimba hati hadi mizizi

Hapa tulia. Kufanya sachi, yaani kuulizia rekodi rasmi ya shamba, kwa msajili wa ardhi, au kwenye Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa serikali mtandaoni, kwa sehemu zilizokwisha ingizwa humo, ni mwanzo tu. Sachi inakueleza jina lililopo leo, rehani kama ipo, na zuio kama lipo. Haikuelezi jina hilo limefikaje hapo.

Omba nakala ya rekodi nzima ya shamba tangu liliposajiliwa, ile inayoitwa kadi ya kijani kwa mashamba mengi. Isome kutoka juu kwenda chini: nani aliandikwa kwanza, alipewa na nani, liligawanywa lini, namba za zamani ni zipi. Kila namba ya zamani uifuatilie. Mwezi Aprili 2023, Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, kuhusu kipande cha ardhi kilichofunga njia ya umma ya kwenda ufukweni Nyali. Mahakama ilisema kwamba hati iliyotokana na ugawaji usio halali haimlindi hata aliyenunua baadaye kwa kulipa. Kwa afisa wa kaunti, somo lina pande mbili. Unaweza kununua hewa. Na unaweza kulipa mamilioni kwa ardhi ambayo ilikuwa ya umma tangu mwanzo, ikanyakuliwa.

Hilo la pili si la kufikirika. Tume ya Ndung'u, iliyoundwa mwaka 2003 na kutoa ripoti mwaka 2004, iliorodhesha ardhi za umma zilizogawiwa kinyume cha sheria, misitu na maeneo ya vyanzo vya maji yakiwemo. Kabla ya kununua kipande kinachopakana na msitu, linganisha namba na orodha hizo, na umwandikie msimamizi wa msitu akuthibitishie mpaka wake.

Kisha toka ofisini. Ramani ya sajili kwa mashamba mengi ya Kenya inaonyesha mipaka ya jumla tu. Sheria yenyewe, Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, haiichukulii kuwa neno la mwisho juu ya mpaka isipokuwa pale mipaka ilipopimwa na kuwekwa rasmi. Mpeleke mpimaji, umwite mwenye shamba na majirani wa pande zote, mtembee mpaka mzima kwa miguu. Ua la minyaa linapinda, jiwe la mpaka halionekani, jirani mmoja anasema ua lilihamishwa mzee wake alipofariki. Hayo yote yaandikwe na kila mtu atie sahihi. Usishangae mwisho wa mzunguko huo jicho la chemchemi likaangukia upande wa jirani. Ubishi wa mpaka kama huu hupelekwa kwanza kwa msajili wa ardhi, si mahakamani, na uamuzi wake upatikane kabla ya mkataba.

Halafu kuna marehemu. Mashamba mengi bado yana jina la babu aliyezikwa zamani, na anayekuja kwako na hati mkononi ni mjukuu. Hana uwezo wa kuuza mpaka urithi upitie mahakamani na mgao uthibitishwe. Usimlipe "malipo ya mwanzo akasaidie kesi." Mwombe aanze mchakato, wewe endelea na kazi nyingine. Warithi wote waliotajwa kwenye uthibitisho watie sahihi, mabinti walioolewa wakiwemo. Ndio wengi wanaoachwa nje, na ndio wanaoweka zuio.

Mwenzi wa ndoa naye akubali kwa maandishi, kwa kuwa Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013 haitaki mali ya ndoa iuzwe bila ridhaa ya wote wawili. Ridhaa hiyo ichukuliwe mke akiwa na wakili au shahidi wake, asiwe amesimama nyuma ya kiti cha mumewe.

Kibali cha bodi ya ardhi kwa shamba la kilimo: sheria husika inaisamehe shughuli ambayo Serikali ni mhusika. Mwanasheria wa kaunti aandike maoni kama msamaha huo unaigusa kaunti yake, au kibali kiombwe tu ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Kukiomba ni nafuu kuliko kujitetea.

Hatua ya 5: Hesabu watu

Mwaka 2008 mashirika mawili makubwa ya uhifadhi yalinunua shamba la Eland Downs huko Laikipia, takriban ekari 17,000, na mwaka 2011 likakabidhiwa serikali liwe mbuga ya taifa. Kwenye karatasi mnunuzi na muuzaji walikuwa wamekubaliana. Lakini familia za Wasamburu zilikuwa zikiishi na kuchunga humo, zikafukuzwa, na suala likaishia mahakamani na kwenye vyombo vya habari vya dunia. Ardhi haikosi mtu kwa sababu tu hati ina jina la mtu mwingine.

Kwa hiyo, kabla ya bei, fanya sensa ndogo ya shamba. Nani analala humo? Nani analima kwa makubaliano ya mdomo? Nani anapitisha ng'ombe, anachota maji, anachimba udongo wa kufinyangia? Kuna makaburi? Kuna mugumo, ule mti wa ibada, au kaya, msitu mtakatifu wa wazee? Kila jina na miaka aliyokaa. Miaka ina uzito wa kisheria: aliyekaa kwenye ardhi ya mtu binafsi waziwazi, bila ruhusa na bila kusumbuliwa kwa miaka 12, anaweza kuiomba mahakama imtambue kuwa mmiliki. Ukinunua bila kumhesabu, umenunua haki yake pia, na atakuja kuidai.

Muuzaji akisema "hao nitawaondoa mimi," kataa. Sheria ya Ardhi inataka notisi ya angalau miezi 3 kabla ya kuondoa watu, na utaratibu wa kibinadamu. Lakini kisheria au la, jamii itakumbuka walifukuzwa ili kaunti ipande miti, na ndio majirani unaowategemea wasichome uzio. Afadhali kaunti ikubaliane nao yenyewe, ilipe mazao na nyumba zao, na iandike kwenye makubaliano ni nani ataendelea kuchota maji, kwa njia ipi, saa ngapi.

Hatua ya 6: Ushiriki wa umma bila kuwapa madalali karamu

Katiba inataka wananchi washirikishwe. Hofu ya maafisa ni kwamba ukitangaza namba ya shamba, bei itaruka usiku huohuo, na madalali watamtembelea mzee kabla yako. Hofu hiyo ina msingi. Dawa yake ni kutenganisha mambo mawili. Vigezo vyote viwe wazi na vijadiliwe barazani: tunanunua ardhi za aina gani, kwa nini, kwa mfuko wa kiasi gani, nani anachagua. Mazungumzo ya bei ya kipande kimoja yawe ya faragha hadi mkataba wa awali utiwe sahihi. Baada ya hapo kila kitu kitoke: bei, ripoti za thamani, jina la muuzaji.

Kila afisa, mwakilishi na mjumbe wa kamati aandike kama yeye au ndugu yake ana ardhi jirani. Barabara ya kwenda kwenye hifadhi mpya hupandisha bei ya ploti zilizo kando yake, na kuna watu wenye macho makali sana kwa jambo hilo.

Hatua ya 7: Bei

Tumia wathamini wawili waliosajiliwa, mmoja wa serikali na mmoja wa nje, wasioonyeshana ripoti. Mwambie muuzaji naye atafute wake. Ripoti zinazopishana sana zikutanishwe na kila mthamini aeleze mauzo aliyolinganisha nayo. Bei ya kaunti isipite ripoti ya juu zaidi bila sababu ya maandishi.

Muuzaji aliyesoma atakuuliza kuhusu asilimia 15 ya usumbufu. Hiyo huongezwa juu ya thamani ya soko pale ardhi inapochukuliwa kwa lazima. Kwenye mauzo ya hiari mnazungumza bei tu. Mweleze wazi, asije akadhani umemdhulumu.

Kodi ya faida ya mauzo ni juu ya muuzaji, asilimia 15 ya faida tangu Januari 2023. Kuna misamaha, mmojawapo ukiwa shamba la kilimo la mtu binafsi lililo chini ya ekari 50 na nje ya maeneo ya miji. Mwenye shamba ajue hili kabla hajakubali bei, si siku ya kulipwa.

Hatua ya 8: Mkataba na malipo

Mkataba uandikwe na wakili, muuzaji awe na wakili wake, na uitaje ramani ya kipande kilichopimwa. Reti, yaani kodi ya ardhi inayolipwa kwa kaunti, iwe imelipwa; inachekesha kaunti kununua shamba linalodaiwa na kaunti hiyohiyo, lakini hutokea, na deni linaweza kukatwa kwenye bei kwa makubaliano.

Nawageukia wenye mashamba. Usihame, usibomoe, usikate mazao kabla ya fedha kuingia kwenye akaunti. Omba uonyeshwe mstari wa bajeti wenye mradi huo na barua ya kukubali bei. Weka sharti la muda: fedha zisipofika ndani ya siku mlizokubaliana, mkataba unakufa au riba inaanza. Hati yako halisi aishike wakili hadi malipo, usimwachie afisa mezani. Na anayekuomba "kitu kidogo" ili faili lisogee, hana uwezo wa kuliharakisha. Ana uwezo wa kulichelewesha tu, na hilo liripoti.

Hatua ya 9: Mwenyewe akikataa

Kaunti peke yake haiwezi kumnyang'anya mtu ardhi. Waziri wa ardhi wa kaunti huiandikia Tume ya Taifa ya Ardhi, nayo ikiridhika huchapisha nia kwenye gazeti rasmi la serikali, hufanya uchunguzi wa wazi wa nani ana haki gani, siku zisizopungua 30 baadaye, na hutathmini fidia. Ibara ya 40 ya Katiba inataka fidia ya haki, kamili, na kwa haraka. Kusudi likifa, mwenyewe wa awali anaweza kupewa nafasi ya kwanza ya kuirudisha kwa kurejesha fedha.

Mimi ningeitumia njia hii mara chache: wamiliki wakiwa wengi na mmoja hapatikani, au chanzo kikiwa kinaharibiwa wazi. Kuitaja kama tishio katikati ya mazungumzo ya hiari kunaua mazungumzo hayo na yale ya mashamba mengine kumi.

Kwa msomaji wa Tanzania: huko ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, kwa hiyo ardhi hutwaliwa kwa mamlaka ya Rais na mwenyewe hulipwa fidia, chini ya Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967 na Sheria ya Ardhi ya 1999. Fidia hujumuisha thamani ya ardhi na maendelezo, pamoja na posho za usumbufu, usafiri na makazi. Kwa ardhi ya kijiji, mara nyingi njia rahisi ni mpango wa matumizi bora ya ardhi na msitu wa hifadhi wa kijiji chini ya Sheria ya Misitu ya 2002, ambapo kijiji chenyewe ndicho mlinzi.

Hatua ya 10: Usajili, kisha kuifunga

Uhamisho usajiliwe kwa jina la Serikali ya Kaunti, usisajiliwe kwa jina la idara, kampuni ya maji, kamati, wala gavana. Ardhi iliyouzwa kwa serikali inakuwa ardhi ya umma, na kaunti inaishika kwa niaba ya wakazi.

Lakini jina peke yake halizuii gavana ajaye kujenga soko hapo. Omba Tume ya Taifa ya Ardhi iitenge rasmi kwa hifadhi, kwa tangazo kwenye gazeti rasmi, na uandae mpango wa usimamizi. Kifungu cha 12 cha Sheria ya Ardhi nacho kinazuia ugawaji wa ardhi ya umma iliyo katika vyanzo vya maji, vinamasi na mikoko. Kikiambatanishwa na faili, kinasaidia.

Siku 90 za kwanza: uzio mahali panapostahili uzio tu, bomba na tangi la kuchotea maji nje ya eneo ili watu na mifugo wasikanyage jicho la chemchemi, na makubaliano ya maandishi na chama cha watumiaji wa maji au chama cha jamii cha msitu. Walinzi waajiriwe kutoka humohumo.

Usikubali siku ya kupanda miti iamuliwe na mpiga picha. Mkaratusi karibu na chemchemi unaikausha. Ung'olewe polepole na mahali pake paingie miti ya asili ya eneo hilo. Na kuna maeneo ambayo mti wowote ni uharibifu. Uwanda wa Kinangop, Nyandarua, ni nyasi, na ndege adimu wa huko wa Kenya peke yake, anayejulikana kwa Kiingereza kama Sharpe's Longclaw, anaishi kwenye nyasi fupi. Shirika la uhifadhi la Nature Kenya lilinunua vipande vya ardhi huko ili vibaki nyasi. Msitu mpya juu yake ungemfukuza.

Mwisho wa kazi ya karatasi: ingiza ardhi kwenye rejista ya mali za kaunti mwaka huohuo wa fedha, kwa bei iliyolipwa, namba ya hati na ramani. Hati halisi ikae kwenye sefu ya hazina ya kaunti, nakala kwa mwanasheria, nakala kwa karani wa bunge la kaunti, na nakala moja kwa chama cha watumiaji wa maji. Kila Julai mtu aliyetajwa kwa cheo afanye sachi upya kuona kama hati bado ina jina lilelile, na apeleke karatasi ya majibu kwa kamati ya mazingira ya bunge la kaunti.